Vitenzi Kumi kwa Wiki

Jumatatu, 3 Machi

Kipara amepoteza vidole vitatu leo saa nne asubuhi. Msumeno mpya wa umeme ulimshika glavu. Fundi mgeni wa msumeno huo, asiyejua neno letu hata moja, alikuwa upande wa pili anapiga kelele: "Let go! Let go!", ambayo baadaye tuliambiwa maana yake ni achia. Sote tukabaki tumemkodolea macho. Katika kelele zote zile Kipara alitambua neno moja tu, "go", na kwake hilo ni nenda, basi akaendelea kusukuma paja la ng'ombe. Mimi nilikuwa hatua tano kutoka pale, nachuna ngozi. Nilisikia mfupa kabla sijamsikia yeye. Kidole kimoja kilitumbukia kwenye ndoo ya matumbo na ikabidi mtu atie mkono akitafute. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Mvua imeanza.

Jumatano, 5 Machi

Uongozi umeamua tufundishwe Kiingereza. Si chote, vitenzi tu. Kila siku baada ya zamu, saa kumi mpaka saa kumi na moja, kwenye chumba cha kulia cha machinjio. Atakayefaulu mvua zikiisha atahamishiwa chumba cha mashine, ambako mtu hatembei kwenye damu.

Mwalimu ni mama mstaafu, mwembamba, sauti kubwa kuliko kifua chake. Alisema vitu mtu anaweza kuvinyoshea kidole akaeleweka, lakini ni kitenzi ulichokosa kukijua kinachokukata hicho kidole. Sheria yake ni hii: vitenzi kumi kwa wiki, na kila kitenzi kitungiwe sentensi ya kweli. Uwe umeliona jambo hilo kwa macho yako au umelisikia kwa masikio yako, wiki hiyo hiyo. Andika tarehe. Kila Ijumaa anakusanya madaftari na kutia sahihi kila ukurasa. Anasema uongo unasahaulika, ila ulichokiona mwenyewe hakikutoki.

Nimenunua madaftari mawili. Moja la Mwalimu. Hili ni langu, la kusemea yale ambayo Kiingereza changu hakiyafikii.

Alhamisi, 6 Machi

Push, pull, lift, drop, hold. Haya kwetu ni maisha ya kila siku. Niliandika kwamba tulimvuta fahali kwa kamba na yeye akatuvuta sisi. Mwalimu akanipa alama ya vema.

Darasani tuko ishirini na watatu, akiwemo mdogo wangu, ambaye kazi yake ni kuosha sakafu kwa mpira wa maji, na mume wake, Shemeji, msimamizi wa zamu yetu. Shemeji ndiye anayepanga nani akae wapi kwenye mstari wa kazi. Anautaka ukuu wa chumba cha mashine, na sioni wa kumzuia. Ana maneno matamu, ana utani, mama yetu alipougua alimbeba mgongoni mpaka hospitali. Mdogo wangu alipokuwa anasitasita kuolewa naye, mimi ndiye niliyempigia debe. Nilisema kwa niaba yake hadi akachoka kunisikiliza.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Ng'ombe arobaini na wawili.

Jumatano, 12 Machi

Mdogo wangu kaja kazini mdomo umevimba. Kasema aliteleza bafuni. Nikamfokea mbele za watu kwamba toka utotoni hatazami anakokanyaga. Akainama akaendelea kuosha.

Jumanne, 18 Machi

Wiki ya hit, fall, open, shut. Mdogo wangu alisimama kusoma: "The door hit me." Mlango ulinipiga. Darasa zima likacheka, Shemeji akacheka kuliko wote, akasema nyumbani kwao milango ina hasira. Nami nikacheka. Mwalimu hakucheka. Alimuuliza kama ni sentensi ya kweli. Mdogo wangu akasema ndiyo, Mwalimu, ana alama mwilini.

Jumatatu, 24 Machi

Nitaandika hili lote.

Leo ilikuwa zamu yetu ya kupumzika. Saa tano asubuhi nilikwenda kwa mdogo wangu na kilo ya sukari, kwa sababu alisema imewaishia. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba hodi yangu haikusikika. Nikazungukia mlango wa nyuma. Ulikuwa wazi kidogo.

Alikuwa chini, amejikunja, magoti yamegusa kidevu. Shemeji alikuwa amevaa buti zake za kazini, zile za mpira zenye chuma puani, na alikuwa anampiga teke la kiuno. Halafu anapumzika, anavuta pumzi, anapiga tena. Hakuwa na haraka. Mimi nimefanya kazi na wachinjaji miaka kumi na mmoja, na nawajua wanaopiga mnyama kwa hasira na wanaopiga kwa mazoea. Yule alikuwa anapiga kwa mazoea. Mdogo wangu hakupiga kelele hata kidogo. Aliyajua mateke yale yatakuwa mangapi.

Nikasukuma mlango. Shemeji akageuka na uso wake ule ule wa kila siku. "Aa, Shemeji, karibu. Tunataniana hapa." Akamshika mdogo wangu mkono akamwinua, akamkung'uta vumbi la gauni. Mdogo wangu akanitazama, akatikisa kichwa mara moja, kidogo sana, maana yake usiseme kitu. Kisha akasema, "Asante kwa sukari, dada."

Nikaiweka sukari mezani nikaondoka. Mimi, ninayemgeuza fahali mzima kwa kisu kimoja, niliaga nikaondoka. Najichukia.

Alhamisi, 27 Machi

Kick, beat, drag, hide, cry. Mwalimu aliviandika ubaoni. Akauliza nani ataanza. Nikanyanyuka kabla hajamaliza kuuliza.

"On Monday my brother-in-law kicked my sister. I saw it."

Hata wasiojua Kiingereza cha kuombea maji walielewa. Kitenzi walikuwa wamekiandika muda huo huo. Mwalimu aliweka chaki chini akaniambia nikae, taratibu. Shemeji akalifunga daftari lake, akatabasamu, akasema sentensi ni nzuri, shemeji yake amejitahidi. Mdogo wangu alikuwa anatazama meza. Sikumwona usoni, na sikuhangaika kumtazama, maana nilikuwa najisikia mshindi. Nimerudi nyumbani nikala vizuri.

Ijumaa, 28 Machi

Mdogo wangu hakuja kazini. Shemeji kaja, kanyoa ndevu, kapiga soga na kila mtu. Amesema mkewe ana homa.

Jumamosi, 29 Machi

Yuko hospitali. Mkono wa kushoto umevunjika sehemu mbili. Mbavu mbili. Jicho la kulia limefungwa kabisa, na nywele za upande mmoja zimetoka na ngozi. Jirani yake, mama mnoaji wa visu pale kazini, ndiye aliyemkuta kwenye baraza na kumpeleka. Anasema Alhamisi jioni alimsikia Shemeji kupitia ukutani akimsomesha: anamtajia kitenzi kwa Kiingereza, anamlazimisha akirudie, kisha anamfanyia. Beat, sema beat. Drag, sema drag. Alipomaliza vitenzi vya wiki alichoma daftari la mdogo wangu kwenye jiko.

Nilikaa pembeni ya kitanda nikiongea. Niliongea sana. Nilimwambia tutakwenda polisi, nitamhamishia kwangu, nitamfanya yule mwanaume ajute kuzaliwa. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa. Kisha akasema kwa upande ule wa mdomo uliokuwa mzima:

"Nilikukataza kwa kichwa. Ulinielewa. Ukasimama ukasoma, na mimi ndiye niliyerudi naye nyumbani."

Nikasema nilitaka kumsaidia.

"Ulitaka kusoma vizuri, dada. Nenda."

Muuguzi akaja akaniambia mgonjwa anahitaji kupumzika.

Jumatano, 2 Aprili

Kituo cha polisi. Wameuliza kama mwenyewe amelalamika. Nikasema hajalalamika, ila mimi niliona. Wakasema hayo ni mambo ya nyumbani, tulete mashahidi. Nimemwomba mama mnoaji. Ana watoto wanne na ni Shemeji anayempangia zamu. Nimemwomba mpima mizani. Amesema hakusikia chochote darasani siku ile, masikio yake yana shida wakati wa mvua.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimeondolewa kwenye ngozi. Niko kwenye mfereji wa damu, na koleo. Shemeji ananiamuru kwa Kiingereza tu, mbele za watu, kwa upole kabisa. "Wash. Carry. Wait." Hiyo ya mwisho anaipenda. Ananiacha nimesimama na ndoo mbili za damu, moja kila mkono, mpaka mabega yanaungua, ndipo anasema "go". Leo aliongeza kitenzi cha wiki: "Keep." Mwalimu ametufundisha kwamba hiki kinabeba mizigo mingi, kutunza, kubaki, kuendelea. Shemeji alichagua mmoja. "Keep quiet."

Jumatano, 9 Aprili

Mdogo wangu ametoka hospitali, amerudi kwake. Amerudi kwa yule mtu. Nilipiga ukuta ngumi mpaka nikachubuka.

Jumatatu, 14 Aprili

Amerudi kazini na plasta nyeupe mkono mzima. Anaburura mpira wa maji kwa mkono mmoja. Anapofika kwenye mfereji wangu anaosha pembeni yangu kama vile sipo.

Kwenye daftari la Mwalimu, kitenzi "want", nimeandika kwamba nataka kumkata. Ni kweli, na sheria ni sheria.

Jumatano, 16 Aprili

Leo Mwalimu alikusanya madaftari kabla ya Ijumaa, akaniambia nibaki baada ya kipindi. Akafunga mlango, akatoa madaftari yote kwenye kapu lake akayapanga mezani. Nilidhani ni kuhusu sentensi yangu ya juzi. Akafungua la mnoaji, tarehe 11 Machi: nilisikia mwanamke analia nyuma ya ukuta. La mpima mizani, tarehe 13: mwanaume alimvuta mwanamke nywele nyuma ya chumba cha mizani. La kijana wa kwato: alimbana vidole kwenye mlango wa gari. La Kipara, aliyeanza darasa wiki ya pili akiandika kwa mkono wa kushoto: alimtemea mate, akamwambia alambe. Sentensi baada ya sentensi. Hakuna daftari lililotaja jina, lakini mwanamke alikuwa mmoja na mwanaume mmoja. Walihitaji sentensi za kweli, kumi kila wiki, basi wakaandika walichokuwa wanakiona. Hakuna aliyezisoma kwa sauti. Mpumbavu wa kusoma nilikuwa peke yangu.

Na chini ya kila ukurasa, tarehe na sahihi ya Mwalimu.

"Nilisahihisha herufi," akasema. "Nikatia sahihi, nikageuza ukurasa. Kwa mwezi mzima." Akavua miwani. Sikujua kama analia au anafuta tu vioo, na sikuuliza. Alisema anataka kuyapeleka polisi, ila madaftari ni mali ya wenyewe, hatayachukua bila ruhusa. Nikasema yachukue leo leo, sasa hivi. Akasema, "Wewe una haraka na maneno ya watu."

Maneno hayo yameniuma, tena yameniuma kwa sababu yananistahili kabisa.

Alhamisi, 17 Aprili

Amewauliza. Wanne wamekubali. Wengine wanatazama viatu. Mpima mizani amesema yeye aliandika ili apate alama.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua siku ya sita mfululizo. Mfereji umefurika, damu imerudi ndani mpaka kwenye mizani. Shemeji kaniporomoshea matusi kwa lugha zote mbili.

Alhamisi, 24 Aprili

Sijui kama wataniachia daftari hili, kwa hiyo naandika haraka. Niko kwenye benchi la kituo cha polisi. Mikono yangu wameniruhusu kuosha.

Saa tatu asubuhi Shemeji alipata habari za madaftari. Nani alimwambia sijui. Alikuja mstarini akiwa anatembea vile vile bila haraka, akampita kila mtu, akafika kwa mdogo wangu akamnyang'anya mpira wa maji. Akampiga nao usoni, kwa ile ncha yake ya shaba. Sikio likapasuka. Alipoanguka akamshika kwa ule mkono wa plasta akamburura juu ya sakafu yenye damu, kupita mizoga iliyoning'inia, kupita watu thelathini wenye visu mikononi. Mdogo wangu alikuwa analia safari hii. Plasta ilivunjika, nikasikia, na mkono ndani yake ukavunjika tena. Akamsukumia kwenye chumba cha baridi, kile cha kugandishia nyama, akafunga komeo, akatia kufuli.

Akatugeukia akasema kazi iendelee.

Na kazi ikaendelea. Lazima niandike hili, maana ndilo la kweli kuliko yote: kazi iliendelea. Mimi nilichota damu kwa koleo. Nilihesabu mizoga inayopita. Ilipofika kumi na tano nikaenda mbele yake nikaomba ufunguo. Niliomba kwa adabu, nikamwita Shemeji, nikamwambia mle ndani mtu aliyelowa hachukui muda kuganda. Nikapiga magoti. Alikuwa ameushika ufunguo ngumini. Akauinua juu, kama mtu anayemchezea mtoto pipi, akatabasamu.

"Wait," akasema.

Nikanyanyuka nikaenda kusimama. Nilisubiri mizoga mitano mingine. Ule mlango ulikuwa unagongwa kwa ndani, kisha ukawa unagongwa polepole, kisha ukaacha kugongwa.

Nikachukua kisu kwa mchunaji aliyekaa kwenye nafasi yangu ya zamani. Alikiachia bila kuniuliza. Nikarudi kwa Shemeji, naye akauinua ufunguo tena, na ndipo nikamkata kifundo cha mkono. Kano za pale nazijua, kwa ng'ombe nilikuwa nazikata mara themanini kwa siku. Ngumi ilifunguka yenyewe. Damu ilinipiga machoni na mdomoni, ya moto, na yeye akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa mnyama. Aliponirukia kwa mkono mwingine nilimkata na huo, kiganja, mpaka mfupani. Alianguka kwenye mfereji. Nilitaka kuendelea. Niliinama juu yake, kisu kikiwa kwenye koo lake, mahali penyewe kabisa, na mwili wangu wote ulikuwa unasema maliza. Kipara ndiye aliyenishika kiuno kwa nyuma na vidole vyake saba, akanipigia kelele sikioni nimfungulie mdogo wangu kwanza.

Nilipapasa ndani ya damu nikaupata ufunguo.

Alikuwa amekaa chini ya mizoga, mgongo ukutani, midomo ya bluu, nguo zimeanza kuwa ngumu. Macho yalikuwa wazi. Nilipomgusa shavu alipepesa, mara moja. Tulimfunga kwa aproni na makoti ya watu wote.

Yuko hai. Shemeji pia yuko hai. Hilo la pili sina furaha nalo, na sitaandika kwamba ninayo.

Jumatatu, 28 Aprili

Mahabusu. Mchana mrefu.

Ijumaa, 2 Mei

Mwalimu amenidhamini, nimetoka. Ameniambia alipofika kituoni na kapu lake Jumamosi, alimkuta Kipara mlangoni, ana daftari lake mkononi. Akaja mama mnoaji na watoto wake wanne. Mpaka saa sita walikuwa wamefika watu kumi na tisa, kila mmoja na idhini yake. Mpima mizani alikuja wa mwisho akaomba asitajwe kama aliandika kwa ajili ya alama.

Lakini na langu la darasani limo. Mpelelezi amesoma ukurasa wa tarehe 14, nataka kumkata, na sahihi chini yake. Kesi yangu itafuata ya Shemeji, kwa hakimu huyo huyo. Wakili wa msaada alinishauri niseme lilikuwa zoezi tu la lugha. Nilimwambia halikuwa zoezi.

Mdogo wangu anakaa kwa Mwalimu. Nilifika mpaka getini. Mwalimu alitoka peke yake, akasema hayuko tayari. Nikaondoka bila kubishana, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu huo haukuwa woga.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua imekatika.

Jumatatu, 12 Mei

Mahakamani.

Shemeji aliletwa, mikono yote miwili imefungwa bandeji, mmoja hautafunga vidole tena. Aliwatabasamia watu wa zamu yake. Baadhi bado walimjibu tabasamu, kwa mazoea.

Mdogo wangu aliingia na Mwalimu. Benchi lilikuwa na nafasi tatu tupu, naye akaja akakaa karibu nami, sikio limeshonwa, mkono kwenye plasta mpya. Alitazama mbele. "Sijakusamehe," akasema. Nikasema najua. Tukakaa hivyo mpaka tulipoitwa.

Wakasoma madaftari kumi na tisa. Karani alizisoma sentensi kwa Kiingereza kisha akazitafsiri, moja moja, na wenyewe walisimama kila mmoja akakubali kwamba ni mwandiko wake. Shemeji aliacha kutabasamu kwenye daftari la saba.

Kisha karani akachukua la ishirini, langu. Akaeleza kwamba daftari la mlalamikaji mwenyewe lilichomwa, na kwamba dada yake ameandika humu baadhi ya yaliyompata. Hakimu akamuuliza mdogo wangu kama anaona vema lisomwe la dada yake badala ya yeye kusimama, kwa kuwa bado ni mgonjwa. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kujibu. Niliufunga. Niliushika kwa mkono, kweli kabisa, kama mtu mwenye jino bovu.

Mdogo wangu akasimama. Ilimchukua muda, na hakuna aliyemshika.

"Hapana," akasema. "Nitasema mwenyewe."

Alisema kwa saa nzima na nusu. Yako mengi ambayo sikuyajua, na mengine nilijidanganya kwamba siyajui. Mahali pawili alinitaja, na hakunipamba. Shemeji aliinamisha kichwa, na askari aliyekuwa mlangoni akatoka nje.

Aliyoyasema sitayaandika hapa.